Somo Lililofuata Nyayo za Fahali

Jumatatu tarehe 14 Machi 1955, Kornelio Nyamhanga, mwalimu wa daraja la pili, alianza mwaka wake wa majaribio wa kufundisha Kiingereza katika shule ya kati iliyokuwa ukingoni mwa Turwa, katika nchi ya Wakurya. Majaribio maana yake ilikuwa hivi: mkaguzi wa shule angekuja kutoka Mwanza, angelitazama somo moja, na kabla ya kuondoka angesema neno. Likiwa zuri, Kornelio angethibitishwa. Likiwa baya, angerudishwa darasa la kwanza la shule ya kijijini, akaimbishe watoto a, e, i, o, u mpaka mvi zimtoke. Kazi hiyo aliwahi kuifanya. Mkewe, Rhobi, alishuhudia kwamba enzi hizo mumewe aliimba mpaka usingizini.

Kiingereza chenyewe hakikumpa taabu. Kilichomsumbua ni aina moja ya vitenzi ambavyo darasa la sita lilivikariri vizuri na kuvitumia vibaya. Kiingereza, aliwaeleza, hakiridhiki na kwenda tu. Kinataka kujua kwenda huko kunafika wapi na kunachukua muda gani, na jibu lake hulifunga nyuma ya kitenzi kama mkia. Barabara isiyokoma, *goes on*. Bonde linalojinyoosha mbele ya macho, *stretches out*. Ng'ombe wakitawanyika malishoni, *spread out*. Mkia uleule unaopima ardhi unapima na saa: mkutano nao *goes on*, na ukianza kuwachosha watu, *drags on*, kama gogo linaloburutwa. Na kitu kinachofifia kidogo kidogo hadi kisionekane tena, kiwe moto, sauti au ukoo, *dies out*.

Wanafunzi waliitikia kwa sauti moja. Kisha mmoja akaandika kwamba bibi yake hujinyoosha kutoka Nkende, kijiji cha jirani, hadi sokoni, na mwingine kwamba mjomba wake alitawanyika baada ya kula.

"Hivi Mzungu hawezi kuvuta sauti?" Rhobi alimwuliza jioni moja, akisonga ugali wa ulezi. "Mtu akiniuliza kwetu ni wapi, ninanyanyua kidevu, ninasema kuleeee. Akiona sauti imekwisha mapema anajua ni karibu. Nikiivuta mpaka pumzi ikate, anabeba chakula cha njiani."

"Mzungu havuti sauti, Mama Esta. Anafunga mkia."

"Basi wapeleke watoto wakauone huo mkia. Kama ni umbali, uko nje. Ndani ya darasa una ukuta mbele, ukuta nyuma. Nini kitaendelea humo?"

Kornelio aliacha kusahihisha madaftari. Ni kitu gani katika Turwa nzima kilichokwenda mbele, kikajinyoosha, kikatawanyika, kikafifia, na kila mtoto wa Kikurya akakifahamu kabla ya kuota meno ya pili? Nyayo za ng'ombe. Mtoto wa huko husoma nyayo kabla ya kitabu. Anajua ng'ombe aliyekwenda polepole na aliyeswagwa, aliyepita kabla ya mvua na aliyepita baada yake. Angempitisha fahali mmoja kutoka Nkende hadi shuleni jioni ya kuamkia ukaguzi, ardhi ikiwa laini kwa mvua za vuli, na kesho yake darasa zima lingefuata nyayo hizo mbele ya mkaguzi, likisema kwa Kiingereza kila zinachofanya. Lilikuwa wazo zuri. Ubaya wake ni kwamba mwenye wazo alikuwa amekaa chuoni miaka miwili, na katika miaka hiyo alikuwa ameanza kuamini kwamba nyayo zinaweza kuwa mfano.

Pale kwao nyayo hazikuwa mfano wa kitu. Ng'ombe akipotea, mwenyewe hupiga yowe, na kila mwanamume anayelisikia huacha jembe, sahani au mke, akashika mkuki na kufuata. Nyayo zikiingia katika eneo la watu wengine, waliozifuata hukabidhi kazi kwa wenyeji, na wenyeji huwa na njia mbili tu: waonyeshe mahali nyayo zilipotoka kwenda kwingine, au walipe. Mahali zinapofia ndipo penye mwizi. Na anayezikanyaga makusudi ili zisisomeke, huyo hata hahojiwi sana.

Fahali aliyehitajika alikuwa wa baba mkwe wake, Mzee Mseti wa Nkende. Alikuwa na kwato pana zilizochapa ardhi kama muhuri. Rhobi ndiye aliyetumwa kumwomba. Alimkuta mama yake peke yake. Mzee alikuwa amekwenda kunywa pombe kwa rafiki. Mama alimsikiliza, akaona jambo lenyewe si kubwa, akasema, "Mchukueni. Baba yako akirudi nitamwambia." Jioni hiyo Kornelio akamswaga fahali hadi shuleni. Lakini mzee alirudi alfajiri, na kulipokucha mama alikuwa amekwisha ondoka kwenda kupalilia ulezi. Mwenye ng'ombe hana haja ya kuhesabu. Akitazama zizi, pengo linamwita. Mzee Mseti aliliona pengo, akaona nyayo zikitoka mlangoni, na karibu nazo viatu vya mtu anayevaa soli. Hakumwuliza mtu. Alipanda juu ya kichuguu akapiga yowe lililovunja kifungua kinywa cha Nkende yote.

Kornelio hakulisikia. Alikuwa kando ya kijito, suruali imepigwa pasi hadi inaweza kusimama yenyewe, akimwonyesha mkaguzi mahali somo litakapoanzia. Mkaguzi alikuwa Mwingereza wa makamo, mkimya, mwenye kofia ya jua na uso wa mtu aliyekwisha kuonyeshwa kalamu nyingi na kuambiwa kuwa ni kalamu. Nyuma yao darasa la sita lilijipanga mstari mmoja.

"*The trail goes on!*" wavulana waliimba, wakatembea juu ya nyayo.

"Zinafanya nini sasa?" mkaguzi aliuliza, walipofika penye bonde.

"*It stretches out, sir!*"

Mkaguzi aliinua kofia kidogo. Kornelio aliona ishara hiyo, akavuta pumzi, akaanza kuonja uthibitisho wake. Hapo ndipo mvulana wa mwisho katika mstari alipogeuka nyuma, akageuka tena mbele, na kutembea kwa haraka zaidi.

Ukingoni mwa bonde walikuwa wametokea wanaume wa Turwa, mikuki mabegani, na mbele yao Mwikwabe. Huyu alikuwa mzee mfupi, mweusi wa kung'aa, aliyesifika kwamba angeweza kuziona nyayo za jana chini ya mvua ya leo. Nkende walikuwa wamemkabidhi kazi mpakani. Mzee Mseti mwenyewe, kwa sababu ya goti lililokuwa likimwuma, alikuwa nyuma sana, akija kwa hasira na fimbo. Mwikwabe alizitazama nyayo alizozifuata tangu mpakani, akatazama miguu ya wavulana juu yake, akasimama.

"Mwalimu," alisema kwa Kikurya, lugha ambayo mkaguzi hakuijua, bila salamu. "Kwa nini watoto wako wanafuta nyayo?"

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kwa nini wanafuta nyayo?"

"Hawafuti, Mzee. Wanafuata."

"Wakiimba?"

"Ndiyo namna ya shule, Mzee."

"Na huyu Mzungu?"

Kornelio alikuwa na nafasi ya kusema kweli. Ilikuwa nafasi ndogo, lakini ilikuwepo. Aliitazama, akamtazama mkaguzi, akaiacha ipite. "Naye anafuata," alisema.

Mwikwabe aliwageukia wenzake. Uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyeambiwa kodi imefutwa. "Mmesikia? Tangu babu yangu tunaiambia Serikali kwamba ng'ombe wanaibwa, inatuambia tulete mashahidi. Leo imekuja yenyewe, kwa miguu!"

Wanaume walinguruma kwa furaha. Mkaguzi alimwinamia Kornelio. "Hawa ni nani?"

"Wazazi, bwana," Kornelio alisema kwa Kiingereza kizuri sana. "Wamekuja kusaidia somo."

"Pamoja na mikuki?"

"Ili lionekane la kweli, bwana."

"Safi kabisa. Mzee anasema nini?"

Mwikwabe wakati huo alikuwa akisema kwamba mwizi huyu akipatikana atavuliwa nguo na kuchapwa mbele ya wake zake, na Mzungu asiwe na haraka ya kumtetea.

"Anasema *the trail goes on*," Kornelio alitafsiri.

Mkaguzi alimpa Mwikwabe mkono. Mwikwabe aliupokea kwa mikono miwili. Msafara ukaendelea ukiwa mmoja, wanafunzi mbele, mikuki pembeni, kila upande ukiusifu mwingine, na katikati yao mkalimani mmoja aliyelowa jasho tangu kola hadi soksi.

Tumaini lake lote lilikuwa mwamba. Nyuma ya shule palikuwa na jiwe bapa, kubwa kama uwanja wa mpira, na Kornelio alikuwa amempitisha fahali juu yake kwa makusudi ili somo liwe na mwisho. Walipofika pale nyayo zilipungua, zikawa madoa ya matope, zikawa si kitu.

"*It dies out, sir!*" darasa lilipaza sauti.

"Na hapo, bwana, somo limekwisha," Kornelio alisema. "Chai iko tayari."

Lakini Mwikwabe hakujua somo. "Jiwe halili nyayo," aliwaambia watu wake. "Linaziazima tu. Zungukeni!" Wanaume wakaachana, huyu kushoto, yule kulia, wakalizunguka jiwe wakiwa wameinama, macho chini.

"*They are spreading out, sir!*" mvulana mmoja alisema, bila kuulizwa.

"Nyamazeni," Kornelio alisema.

"Waache," alisema mkaguzi.

Upande wa pili wa jiwe mtu alipiga mluzi. Darasa la sita lilisahau mstari. Lilikimbia lote, likachungulia ardhi, na sauti zilizokuwa zikikariri ukutani mwaka mzima zikalipuka kwa furaha tupu: "*It goes on, sir! Teacher, it goes on and on!*"

Hakuna mwalimu katika wilaya aliyewahi kusikia jibu sahihi likimwumiza vile.

Nyayo zilivuka njia, zikapita kando ya choo cha walimu, zikaingia uani kwa Mwalimu Mkuu, Hezekia. Ziliishia chini ya mpera. Fahali wa Mzee Mseti alikuwa amefungwa hapo, akicheua kwa utulivu, karai la maji mbele yake. Kornelio alikuwa amemfunga pale magharibi kwa sababu majani yalikuwa mengi, akikusudia kumweleza Mwalimu Mkuu asubuhi. Asubuhi mkaguzi alikuja mapema, na Kornelio hakupata nafasi.

Hezekia alitoka nyumbani akiwa amevaa koti la ukaguzi, akakuta mikuki.

"Mwalimu Mkuu," Mwikwabe alisema kwa upole wa kutisha, "ng'ombe huyu ni wako?"

"Hapana."

"Ulimfunga wewe?"

"Hapana! Nilimkuta jana jioni."

"Na karai?"

Hezekia alilitazama karai. "Nilimpa maji," alikiri. "Nilidhani… kuna wazazi wanaotaka watoto wao wapate nafasi mwakani. Nilidhani ni zawadi."

Kelele zilizofuata zilisikika sokoni. Wawili wakamshika Hezekia mikono, mwingine akaanza kulifungua koti lake kifungo kimoja kimoja, kwa uangalifu, kwani lilikuwa koti zuri.

"Igizo lenu ni zuri mno," mkaguzi alisema, lakini sasa uso wake haukuwa na uhakika.

"Bwana!" Hezekia alipiga kelele kwa Kiingereza. "Hili si igizo! Wananiua!"

Kornelio aliijua hesabu yake vizuri. Akinyamaza, Hezekia angechapwa, angehamishwa kwa aibu, na mkaguzi angeondoka na kumbukumbu ya somo bora. Akisema, mkaguzi angejua kwamba tangu bondeni alidanganywa kwa lugha yake mwenyewe. Sauti za watoto wa darasa la kwanza zilimjia masikioni: a, e, i, o, u. Kifungo cha tatu cha koti kilifunguka.

"Mwacheni!" alisema. "Ni mimi. Nilimleta mimi."

Wote wakamgeukia. Hapo hapo, kupitia uwazi wa ua, akaingia Mzee Mseti na goti lake. Alimwona fahali wake, akamwona mkwewe, akatazama viatu vya mkwewe, kisha soli zake, kisha nyayo za soli zilizokuwa zimemtangulia tangu Nkende.

"Kornelio," alisema.

"Shikamoo, Baba."

"Binti yangu nimekupa. Ungeniambia na dume unalitaka."

"Baba, lilikuwa la kufundishia. Mama alijua. Rhobi alimwambia Mama."

"Mama yenu yuko shambani!" Mzee aliwageukia watu, mikono juu. "Jamani, nimeibiwa kwa Kiingereza!"

Wakacheka, hata aliyeshika koti. Lakini Mwikwabe hakucheka. Alisimika mkuki wake ardhini. "Yowe si ngoma," alisema. "Likipigwa, watu wanatoka. Leo tumetoka, mashamba yamekaa. Kesho likipigwa la kweli, mtu atasema, ah, labda ni somo la Mwalimu. Siku hiyo ndiyo tutakayofilisika. Jambo hili tulikalie baraza."

Kornelio alimgeukia mkaguzi, akamweleza yote kwa Kiingereza, tangu Rhobi na ugali wake hadi mpera: wale hawakuwa wasaidizi wa somo, mzee hakusema alichotafsiriwa, na alimdanganya kwa sababu aliogopa kurudi darasa la kwanza. Mkaguzi alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akaomba kiti.

Baraza lilikaa kwenye uwanja wa shule. Turwa walitaka kujua kama nyayo zisizo za wizi zinahesabika kuwa nyayo. Nkende, waliokuwa wamemfuata Mzee Mseti, walijibu kwamba goti la Mzee Mseti halikuuliza swali hilo lilipokuwa likipanda mlima. Mmoja alikumbusha kisa cha mbuzi wa zamani, mwingine akakikana, wa tatu akasema mbuzi yule alikuwa wa shangazi yake. Kivuli cha bendera kilizunguka mlingoti. Mke wa Hezekia alimletea mkaguzi chai, kisha ndizi za kuchemsha, kisha chai tena. Darasa la sita, ambalo hakuna aliyekumbuka kuliruhusu kwenda nyumbani, lilikaa kwenye majani likitazama.

Mkaguzi aligeuza shingo. "Mkutano huu," aliliuliza darasa, "unafanya nini?"

Hawakuhitaji kufikiri. Njaa yao ilikuwa imefikiri tayari. "*It is dragging on, sir,*" walisema, taratibu, kila mmoja kwa uchovu wake.

Mkaguzi alitazama saa yake. "Kweli kabisa," alisema.

Jua lilipoanza kuegemea, Mwikwabe akasimama kutoa uamuzi. Hezekia asiguswe, ila siku nyingine akikuta ng'ombe asiyemfahamu aulize kabla ya kumpa maji. Mzee Mseti aondoke na mali yake. Kornelio naye, kwa kuwa aliwakimbiza watu bure, atakimbia pamoja nao: yowe lijalo, yeye ndiye atakayetangulia juu ya nyayo, na hatageuka nyuma mpaka zifike mwisho wake.

"Hata akiwa darasani?" aliuliza Hezekia, akifunga vifungo.

"Hata akiwa kanisani."

"Ninaunga mkono," alisema Hezekia haraka.

Mzee Mseti alimfungua fahali wake, akampita mkwewe bila kumtazama, kisha akarudi hatua chache. "Mkifanya tena masomo yenu," alisema, "fundisheni kwa kuku. Na kuku awe wako."

Mkaguzi alimwita Kornelio pembeni ya gari. Kornelio alisimama wima kama anayesomewa hukumu, na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa.

"Umenidanganya tangu bondeni," alisema mkaguzi. "Umewadanganya na wale wazee. Nimeshikana mikono na mtu aliyekuwa akitishia kumchapa mwizi, nikamwambia asante."

"Ndiyo, bwana."

"Mimi husikia wavulana wakisema *the road goes on* huku wakitazama ukuta. Hata wao hawaamini. Wa kwako leo walinipigia kelele pale kwenye jiwe, wewe ukiwanyamazisha. Hakuna aliyewauliza." Akaingia garini, akafunga mlango, akatoa kichwa dirishani. "Nakuthibitisha. Utafundisha Kiingereza. Lakini nikisikia umekuwa mkalimani wa mtu yeyote wa Serikali, nitarudi mwenyewe kukuondoa."

Gari liliondoka. Kornelio aliketi kwenye ngazi ya darasa, akavua kiatu kimoja, akatikisa matope. Rhobi alikuja akiwa na kibuyu cha maziwa mgando. Habari zilikuwa zimemfikia sokoni, zikiwa zimenenepa njiani.

"Baba Esta, nimeambiwa umechapwa, umefukuzwa, na dume limechinjwa."

"Nimethibitishwa."

Rhobi alikaa. "Na Baba?"

"Hataki kuniona."

"Atakuona tu. Hasira ya Baba ni ya goti. Ikikatika mvua, nayo inapoa." Akamkabidhi kibuyu. "Lakini uamuzi wa Mwikwabe hauna goti. Umeanza kufanya mazoezi ya kukimbia?"

Alhamisi ya wiki iliyofuata, darasa la sita likiwa katikati ya zoezi, yowe lilipigwa Nkende. Safari hii ng'ombe walikuwa wengi na nyayo zilielekea kusini, upande wa mto Mara. Kornelio aliweka chaki mezani, akapokea mkuki mlangoni, akatangulia. Zilivuka mto, zikaendelea hadi Nyambureti, na darasa la sita halikufundishwa Kiingereza mpaka Jumanne.